Rangi Nyekundu Chini ya Chokaa

Jumatatu, 3 Juni

Ukungu asubuhi, baridi kidogo. Nimefungua kibanda cha cherehani na kuona maandishi kwenye ukuta wa wifi yangu, mkabala na mimi: INAUZWA. Herufi nyekundu, kila moja kimo cha mtoto. Vijana wa dalali wameandika kabla jua halijatoka. Mwandiko ni uleule wa mwaka jana, wa nyumba ya Fundi Saa iliyo pembeni mwa kibanda changu.

Marehemu kaka aliiweka nyumba rehani benki apate mashine ya kukereza vyuma. Mashine ipo. Yeye hayupo. Wifi ameshinda jikoni na watoto wake pacha, dirisha la mbele hakulifungua. Hata kaduka kake hakukafungua.

Nyumba ya Fundi Saa ni tupu mpaka leo. Aliyeinunua alikaa wiki mbili, akahama bila kuaga. Saa ya ukutani ilibaki ndani. Bado inagonga.

Jumanne, 4 Juni

Manyunyu. Kikundi cha mtaa tumekutana kibandani kwangu. Mwenyekiti wetu, muuza mkaa, kasema Fundi Saa alipotea kwa sababu kila mtu alingoja mwenzake aanze. Safari hii tumeanza wote: kila nyumba itachangia kila mwezi, na kikundi kitadhamini marejesho ya wifi.

Mchana tukaenda benki. Bwana Mikopo ni mtu wa heshima, alitusikiliza mpaka mwisho. Ombi amelipokea, lakini mnada wa Jumamosi saa nne hawezi kuusimamisha. Na Alhamisi atakuja mthamini. Wifi akauliza kwa sauti ndogo, anakuja kufanya nini? Kuiangalia nyumba tu, mama, Bwana Mikopo akamjibu.

Jumatano, 5 Juni

Jua kali. Kuiangalia nyumba — basi tumefanya kama wafanyavyo watu wanaongoja mgeni. Fundi Rangi alikuwa wa kwanza kufika. Kasema maiti hafunuliwi mbele ya wageni, akaanza kupaka chokaa juu ya yale maandishi. Mwashi akaziba ufa wa sebuleni, hata chai hakutaka. Mimi nikashona mapazia kwa kile kitambaa cha kijani nilichojiwekea mwenyewe. Mwenyekiti kaleta ufagio na methali: mgeni njoo, mwenyeji apone. Fundi Rangi akamjibu kwamba mwenyeji huyu kapona mpaka anang'aa. Wifi akacheka — mara ya kwanza tangu mazishi.

Jioni nyumba ilipendeza mpaka nikaona haya kuitazama ya kwangu.

Alhamisi, 6 Juni

Mawingu. Mthamini kaja. Alizipiga kuta kwa kiganja kama anayechagua tikiti maji. Akatoka nje, akatupongeza wote. Nyumba hii, kasema, haitakosa mteja.



Nikampigia simu Bwana Mikopo. Akasema: "Dada, mngeiacha ilivyokuwa. Mnada ungekosa mnunuzi, na hapo ndipo ombi lenu lingepita."

Mngeiacha. Neno hilo limenifuata kutwa nzima. Nimekata shati la mteja, mkono mmoja mfupi kuliko mwenzake. Nilipowaambia wenzangu, Fundi Rangi akaondoka. Alikaa bombani akiosha brashi ambayo ilikuwa safi tayari.

Ijumaa, 7 Juni

Upepo. Wekundu umeanza kupenya. Si wote — Z kwanza, halafu U, rangi ya ufizi. Fundi Rangi anasema ni kawaida, chokaa haishiki juu ya rangi ya mafuta. Sawa, ni kawaida. Lakini nikikaa kwenye cherehani nazihisi zinanitazama, nikiinua kichwa zimekoza.

Dalali kaleta mume na mke waione nyumba. Mume alipima sebule kwa hatua zake. Mke ni mjamzito, mpole. Aligusa mapazia akaniuliza mimi kama yanabaki. Nikamwambia ni ya mwenye nyumba. Basi yatakuwa yangu, akasema. Hakusema kwa ubaya, ndiyo maana limeniuma.

Wakiwa mlangoni ile saa ikagonga. Mke akageuka, akauliza nani anakaa mle.

"Hakai mtu, mwanangu," wifi akamjibu. "Aliyekuwepo alitolewa kwa mnada."

"Na saa inatiwa ufunguo na nani?"

"Hatujui."

Saa ile ni ya betri. Wifi mwenyewe ndiye aliyemuuzia Fundi Saa betri hizo, dukani kwake. Nikainamisha uso. Mke akaenda garini, mikono juu ya tumbo. Mume akasema kesho watakuwepo.

Jumamosi, 8 Juni

Anga safi, shwari, hata jani halitikisiki. Sikulala. Alfajiri nimesikia kwaru, kwaru — nikadhani ni kwa Fundi Saa. Nikatoka. Ni wifi, na kisu cha jikoni, anakwangua ukuta. Unga wa chokaa umejaa kwenye nywele zake mpaka nikamwona kikongwe.

Nikamuuliza, wifi, ni nini hiki?

"Namfunua maiti. Waje wamwone."

Nikachukua mkasi mkuukuu, nikaanzia kwenye A ya mwisho. Yeye alikuwa ameanzia kwenye I. Mwashi naye akatokea na nyundo, akataka kuurudisha ufa. Wifi akamkataza: ule uache, unawapitishia watoto baridi. Mapazia nimeyashusha, yako mapajani mwangu.

Gari lao limekwisha fika, mapema mno. Limeegeshwa kwenye kivuli cha nyumba ya Fundi Saa. Mume ameshuka, anatazama paa. Mke yumo ndani, kioo amekipandisha. Anatazama ukuta. Ananitazama na mimi — nimejaa chokaa, sijui anaona nini.

Wifi kaniambia nijilaze, ataniamsha dalali akifika. Saa ya kwa Fundi Saa imegonga. Saa mbili asubuhi. Nalala.