Kulwa, Wamenipa Jiko Lako

Pacha wangu Kulwa,

Naandika hadharani kwa sababu sijui pa kukutumia. Laini yako ya zamani uliitupa, mpya hukunipa, na nilichonacho ni maneno ya dereva mmoja wa lori aliyesema amekula chakula chako kwenye kambi ya wachimbaji huko upande wa Chunya. Kwa hiyo mtu yeyote aliyeko machimboni, akimjua kijana mrefu wa Mpanda anayepika na hapendi kupigwa picha, amsomee haya. Na amwambie nimekasirika, asije akadhani ni barua ya kulia.

Unakumbuka tulivyokuwa tunabadilishana? Tulizaliwa siku moja, wewe ukatangulia, na mama anasema tulinyonya kwa zamu bila ugomvi. Ugomvi uliletwa na kazi. Wewe ulipewa mashine ya baba ya kukoboa mpunga kwa sababu ni mwanaume, mimi nikapewa jiko. Kelele za ile injini zilikuumiza kichwa, na spana ulikuwa unaishika kama umekamata mjusi. Mimi nilisonga ugali wenye madonge, na wali wangu uliungua chini huku juu ukiwa mbichi, kitu ambacho mama alisema hajawahi kukiona kwenye sufuria moja.

Hatukukaa chini tukapanga. Ilianza tu. Ulikuja jikoni kuniokoa, nami nikaja kwenye kibanda cha mashine kukuokoa. Wateja wakileta magunia, wewe unasimama mbele na spana mkononi, umekunja uso kama fundi wa kweli. Wakienda kunywa chai, mimi ndiye ninayeingia chini kukaza mkanda na kupaka grisi. Baba alijua, alicheka sana, akanifundisha kusikiliza beringi inayokaribia kufa. Alipofariki, baba mkubwa akawa mwenye neno la mwisho nyumbani, na hapo ndipo tulipoanza kujificha kwelikweli.

Jumapili baada ya misa baba mkubwa alikuwa haendi kwake moja kwa moja. Anakaa kwetu, anakula migebuka, wale samaki wa Karema, uliowaunga kwa karanga, na wali wa mchele wa Mpimbwe uliochambuka vizuri, anajifuta mdomo na kusema, "Doto, mwanangu, una mkono! Nyumba hii hutakaa sana."

Mimi napiga magoti, napokea sifa. Wewe unatoka ukijifanya unakwenda kuangalia mashine, na nakusikia unacheka nyuma ya ukuta.

"Ungeolewa wewe tu," nakwambia tukiosha vyombo.

"Niolewe mimi, mahari wapewe nyie? Thubutu!"

Halafu ikaja ile Jumamosi. Baba mkubwa alikuja bila kutegemewa, akapitia uani na wageni wawili nyuma yake, akakukuta umejifunga kanga ya mama kiunoni, mwiko mkononi, unaonja mchuzi.

"Hivi nyie, huyu ni mwanaume au ni nini?"

Mama akawahi kusema, "Doto anaumwa leo shemeji, mwenzake anamsaidia tu."

"Msaada gani huo wa kuvaa kanga?"

Wageni wakacheka. Watu hao hao, Kulwa, wakienda kwenye harusi wanawakuta wanaume wamesimama juu ya masufuria ya pilau, jasho linawatiririka, na wanawaita mafundi. Sufuria ikiwa kubwa, tena uwanjani, mwanaume ni fundi. Ikiwa ndogo na ni ya mama yake, hapo uanaume umeisha. Mimi nasoma uhandisi na kipimo hicho sijakielewa mpaka leo. Wewe uliepua mchuzi, ukafungua kanga, ukaikunja vizuri na kuiweka juu ya kinu. Wiki ile ile ukapanda basi la Sumbawanga.

Sasa nikueleze usiyoyajua.

Nipo chuo, mambo ya mitambo ya kilimo. Darasani wasichana ni wachache kiasi kwamba mmoja wetu akikosa, mwalimu anaona. Likizo hii niliomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo kwenye shamba moja kubwa la nafaka huko Ulaya, lenye karakana ya matrekta na mashine za kuvunia. Baba mkubwa alikataa tangu aliposikia neno karakana. "Binti avuke bahari akalale chini ya trekta? Akirudi ananuka dizeli, nani atakuja hapa kuposa?" Mama alimbembeleza wee, mpaka akasema basi, nifanye hiyo intavyuu ya kwenye kompyuta, mengine yatajulikana.

Niliazima kompyuta, nikanunua bando, nikakaa sebuleni mtandao unapokamata, nikawaomba watu wote wasiingie. Upande wa pili walikuwa wawili: mama mmoja wa Kizungu, ndiye mwenye shamba, na Mtanzania wa ofisi inayotupeleka. Mwanzoni nilikuwa moto. Nilieleza jinsi puli ya mashine yetu ilivyokuwa inakula mkanda kwa kukaa upande, na jinsi nilivyoinyoosha. Yule mama alikuwa anaandika, anaitikia kwa kichwa, anauliza tena. Kulwa, nilikuwa naiona ile karakana kabisa.

Ndipo mlango ukafunguliwa. "Hodi humu," na baba mkubwa huyo, ameshaingia.

Miguu yangu haikuniuliza. Nilishtukia niko chini, magoti kwenye mkeka, nasema shikamoo, na kwenye kompyuta kimebaki kiti kitupu na pazia la mama.

"Doto? Umeanguka?" yule mama akaita.

Mtanzania akacheka, akamweleza kwamba ni mila, wasichana wa huku husalimia wamepiga magoti. Niliporudi kwenye kiti, habari za puli zilikuwa zimekwisha. Kuanzia hapo nikafanyiwa usaili wa magoti. Najisikiaje kuwa msichana huku kwetu? Nani alinipa ruhusa ya kuomba? Nina mchumba, na anasemaje? Yule mama alishusha sauti kama anaongea na mgonjwa, na Mtanzania akawa ananijibia, wakati mimi nipo pale na mdomo ninao. Mwenzangu wa darasani, mvulana, alifanyiwa usaili asubuhi ya siku ile ile. Yeye waliongea naye haidroliki mwanzo mpaka mwisho.

Naomba unielewe. Kupiga magoti hakunidhalilishi. Baba mkubwa ni kaka wa baba, na magoti haya ndiyo ninayoingilia chini ya mashine, hayajawahi kuniangusha. Kilichonichoma ni kuona kwamba kwa baba mkubwa mimi ni wa jikoni, na kwa yule mama mimi ni wa kuhurumiwa, na hakuna kati yao aliyetaka kusikia habari ya mkanda.

Mwishoni nikaulizwa nasaidia kazi gani nyumbani. Nikaanza, "Tuna mashine ya kukoboa..."

"Hapana," Mtanzania akanikata, "kazi za nyumbani. Za ndani."

Baba mkubwa alikuwa ameketi pale pale kwenye kochi, ananitazama.

"Napika," nikasema. "Napika vizuri, wageni husifu."

Lilitoka lenyewe. Miaka yote ile ya kupokea sifa zako mbele ya yule mzee, mdomo ulishazoea. Yule mama akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu niinuke kwenye mkeka.

Majibu yakaja. Karakana imejaa, mwenzangu amepata. Ila wamevutiwa sana na jinsi ninavyopenda kupika, kwa hiyo wananipa nafasi kwenye jiko la shamba, niwapikie wafanyakazi, na nikipata muda ninaruhusiwa kutembelea karakana. Kutembelea! Kama mtalii aliyekuja kuangalia viboko.

Baba mkubwa alipoelezwa, alipiga makofi. "Hiyo sasa ndiyo kazi! Nenda mwanangu, hata kesho nenda." Ubishi wote ule ukafa hapo hapo.

Mama akanivuta pembeni. "Ichukue tu. Ukishafika, utahamia huko kwenye matrekta ndani kwa ndani."

"Mama, wataonja wali wangu siku ya kwanza, siku ya pili niko Mpanda."

Alicheka, kisha akaacha. "Doto, watu kama sisi hatupewi mara mbili."

Namwelewa mama, na hilo ndilo lililonikasirisha zaidi. Nilikwenda kukaa kibandani kwenye mashine, nikafikiri mpaka kichwa kikauma. Wewe ulifukuzwa kwa kupika. Mimi napandishwa ndege kwa kupika. Na kati yetu wawili, anayejua kupika ni mmoja. Nikaona nikikubali, nitakuwa nimewasaidia kusema kwamba wewe hukuwahi kuwepo jikoni kwetu.

Nikawaandikia. Nikasema nashukuru, lakini sijui kupika. Chakula nilichokisema ni cha kaka yangu, pacha wangu. Mimi ni fundi, na siku karakana ikipata nafasi, naomba waniite. Wamenijibu kwa upole kwamba wanathamini ukweli wangu na wananitakia kila la heri. Hiyo lugha unaijua. Nafasi imekwenda, Kulwa, na sijapoa. Nitaomba tena kwingine, lakini usiniambie nipoe.

Jumapili, chakula kikiwa mezani, nikamwambia baba mkubwa mwenyewe. Nilipiga magoti, nikamwamkia, nikainuka, nikasema nimekataa.

"Umekataa? Umerogwa?"

"Sijui kupika, baba mkubwa."

"Usinifanye mtoto. Nimekula chakula chako hapa miaka yote."

"Ulikula chakula cha Kulwa. Hata siku ile ulipomkuta na kanga, sikuwa naumwa. Tangu aondoke anapika mama."

Mama akainamia kijiko chake. Nilikuwa nimejiandaa kwa makelele, majibu yote ninayo. Mzee hakufoka.

"Wale migebuka wa karanga?"

"Kulwa."

"Na yule kuku wa Krismasi?"

"Kulwa."

"Ndiyo maana," akasema polepole. "Mimi nilidhani chuo kimekuharibia mkono."

Usijidanganye kwamba aliomba msamaha. Alikula vijiko viwili, akasukuma sahani, akatoa simu mfukoni. "Nitajie namba yake."

"Sina. Alibadilisha."

"Wewe pacha wake unakosaje namba yake?"

Kulwa, niliona giza. Yeye ndiye aliyekutoa nyumbani, na sasa ananihoji mimi kana kwamba nilikuficha uvunguni. Nikamwambia hivyo hivyo, tena nimesimama. Hakunikemea. Alivaa kofia yake, akafika mlangoni, akasema bila kugeuka, "Basi mtafute."

Ndiyo nakutafuta. Mama ni mzima, mashine inasaga meno lakini inakwenda. Sijui kama mzee anataka kukuomba radhi au ana njaa tu. Njoo umuulize mwenyewe, mimi nimechoka kukujibia.

Pacha wako anayekungoja,
Doto
Majengo, Mpanda