Kumi, Kamili

Dada yangu mkubwa,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine ya akiba, maana barua iliyopita niliisahau na najua ulinuna. Hujambo? Magoti yanasemaje? Shemeji bado anakoroma mpaka majirani wanataka kuhama? Mimi mzima, sura bado ipo, ila moyo unanienda mbio wiki nzima. Usicheke herufi zilivyo kubwa. Mtu mkubwa huandika kwa herufi kubwa, na ni zile zile ulizonifundisha kwa mkaa nyuma ya mlango wa jikoni, wenzangu wakiwa shule.

Basi sikia. Unajua hapa chuoni hakuna seremala kama mimi. Wenzangu wana vyeti ukutani, lakini viti wanavyokalia nimevitengeneza mimi. Sasa mkuu wa chuo kaleta jambo jipya: kila mwalimu akae nyuma ya darasa la mwenzake, aangalie anavyofundisha, aandike kwenye fomu, halafu wawili hao wakae wazungumze. Eti si kukaguana, ni kujengana. Nikasema mimi nilishajengwa zamani, labda mnipake rangi. Wakacheka. Nikapangiwa mama wa ushonaji. Dada, yule anatunga uzi kwenye sindano huku anakutazama wewe usoni.

Jumanne akaja karakanani, akakaa benchi la nyuma na daftari lake. Nikaanza kama nilivyoanza miaka ishirini na mbili. Kabla msumeno wa umeme haujawashwa, wanafunzi wote wanainua mikono, mimi nasimama mbele nahesabu vidole, kila mmoja namwambia kumi, kamili. Wakimaliza kazi nahesabu tena, asiondoke mtu na pungufu. Ni mchezo, lakini ndiyo fahari yangu: hakuna kidole kilichobaki kwangu. Siku hiyo mama wa ushonaji naye akainua mikono. Nikapaza sauti, na mgeni wetu kumi, kamili, kama alivyozaliwa. Darasa zima likaangua kicheko. Kichwa kikanivimba, nikajua leo nimewaweza.

Kesho yake akaniita chumbani kwake, kati ya majora ya vitambaa. Alianza na mazuri. Alisema hajapata kuona wanafunzi wanaosikiliza vile, na kwamba nilivyoeleza kazi ya randa alitamani aache cherehani. Nikamwambia hilo aliandike kwa wino usiofutika. Halafu akafunga daftari. Akaniambia taratibu kwamba jana, alipoinua mikono, yeye alikunja vidole viwili.

Mimi, dada, mwenye mdomo huu, nikamuuliza bei ya kitambaa.

Akasema hakunitega, alikunja kwa utani tu, akitaka nimtanie. Ndiyo maana wanafunzi walicheka. Baadaye akaniona napapasa ubao kwa kidole gumba kabla ya kukata, na mstari wa penseli uko wazi. Akauliza tangu lini. Nikamjibu ni vumbi la mbao tu, nikatoka pale.

Yeye nilimdanganya. Wewe siwezi, maana ndiwe uliyekuwa ukimshika baba mkono. Unakumbuka alivyoanza, akimimina chai nje ya kikombe na kusema kikombe kimehama? Tulimcheka. Sasa nimefika hapo alipokuwa. Mwezi uliopita nilikuwa nasukuma ubao pamoja na mwanafunzi, nikasikia mlio usio wa mbao. Msumeno ulikuwa umekata kifungo cha mkono wa shati lake. Kifungo, dada! Nikamtania kwamba shati hilo ni la kaka yake, ndiyo maana mikono imemzidi. Akacheka, kwa jinsi anavyoniamini. Mimi nikaenda nyuma ya karakana nikatapika. Sikumwambia mtu, na kesho yake niliwasha msumeno kama kawaida. Nusu ya kifungo kile natembea nayo mfukoni.

Leo Ijumaa nimerudi kwa mama wa ushonaji nikakiweka kile kipande cha kifungo juu ya daftari lake. Fundi cherehani haelezwi kifungo. Alikitazama mpaka machozi yakamlengalenga. Nikampa na ufunguo wa swichi ya msumeno, amkabidhi mkuu. Akanionyesha fomu. Vidole hakuviandika. Aliacha mstari mmoja mtupu, akasema huo ni wangu. Nimeandika kwa herufi hizi hizi kwamba sioni.

Jumatatu mkuu ataisoma. Labda watanibakiza nifundishe kwa mdomo, labda wataniambia asante nenda nyumbani. Naogopa, dada. Naogopa kuliko nilivyoogopa giza tukiwa watoto, na safari hii hakuna wa kuwasha taa. Niambie ukweli, baba ilimchukua muda gani? Na nikija, nishike mkono tangu mlangoni, ila wajukuu waambie nimekuja kukaguliwa.

Nisalimie shemeji, umzibe na pua. Wape pole majirani.

Ni mimi mdogo wako, fundi wa mafundi. Vidole kumi, kamili. Nimevihesabu kwa kuvipapasa.