Mchele wa Wakwe Ulionuka Tina

Mjukuu wangu Neema, hujambo huko Mwanza? Huku Kibaoni wazima, babu yako anakohoa ila ubishi hajaacha.

Unauliza mbona chumba kinanuka tina, ile ya kuyeyushia rangi, na chupa umeifunga. Mimi nilipoolewa, mchele wa kwenda kuwapikia wakwe ulinuka tina ya kaka yangu, fundi rangi. Shangazi akasema, "Leo unarudishwa na sufuria lako." Tukaikagua chupa yake ya plastiki iliyokaa kando ya mchele, kavu, kizibo kimekaza, ila ilikuwa kuukuu, imevimba kwa jua. Plastiki ikichoka hivyo, harufu inapenya yenyewe polepole. Tukauanika mchele upeponi, harufu ikatoka ilivyoingia. Mama mkwe alikula mpaka akaomba ukoko. Nilipumua, mwanangu.

Yako nayo haivuji, imechoka tu. Hamishia tina kwenye kopo la bati lenye kifuniko, fungua dirisha, ulale.

Bibi yako wa maneno mengi