Hasi za Jezi Namba Tisa

Jumamosi, 1 Machi

Mvua tangu saa nane. Tumefagia maji kwenye uwanja wa kikapu Bulyaga na bado Gwakisa kateleza mara mbili. Mtu mkubwa vile akianguka, simenti ndiyo ya kuhurumiwa. Tumefungwa 44 kwa 40 na vijana wa chuo. Aibu.

Ambokile, nahodha wetu, amekosa vikapu ambavyo hata mwanangu Atu angefunga. Miaka arobaini na miwili sasa, fundi mitambo wa kiwanda cha chai. Zamani alikuwa akiruka, watu wanasimama. Leo karuka, tukasimama sisi wa benchi tu, na tulisimama kwa sababu benchi lilikuwa limelowa.

Jezi zamu yangu kufua. Tuko wachezaji tisa, jezi saba. Mimi na Ambokile tuna moja, namba tisa. Akichoka anaivua pale pale ukingoni, ya moto, inachuruzika jasho, naivaa naingia. Aliyeivaa mwisho ndiye anayefua. Kwa kuwa mwisho huwa mimi, nimeshasugua jasho la mzee huyu miaka mitatu.

Jumatatu, 3 Machi

Kazini nimepima majani ya chai hadi saa tano. Mama wawili wa mstari wa juu leo wamechuma sambamba, kilo zimeshuka. Kila mmoja akichuma peke yake hakamatiki. Wakiwa pamoja, mdomo unafanya kazi kuliko mikono.

Nikapata wazo. Daftari la timu ninalo mimi. Kila dakika naandika namba za walio uwanjani, tumefunga ngapi, tumefungwa ngapi. Nikiwatazama wawili wawili kama wale mama, si nitajua nani anambeba nani?

Nimeanza jioni hii. Mechi sita. Mama Atu ananiuliza kama leo sioni njaa. Sioni.

Jumatano, 5 Machi

Nimemaliza. Nina furaha kama mtu aliyeokota noti.

Tisa akiwa na nne, yaani Lusajo wetu wa bodaboda anayegawa mipira: chanya thelathini na moja, yaani tumefunga kuliko tulivyofungwa. Safi. Tisa akiwa na kumi na moja, yaani Gwakisa: hasi thelathini na nane. Hasi! Nimehesabu mara tatu.

Maana yake ni rahisi. Mzee kaisha. Lusajo anambeba. Akiondoka Lusajo, akabaki na Gwakisa ambaye naye ni mzito, tunazama.

Ijumaa, 7 Machi

Kibandani kwa chai, Ibighi. Nimewafungulia wenzangu daftari, Ambokile hayupo. Ubishi mkubwa, chapati zimepoa.

Lusajo kasema mimi nahesabu vikapu, sihesabu woga. Timu pinzani wakimwona Ambokile wawili wanamkimbilia, yeye Lusajo anabaki huru. Nikamwambia woga hauna safu kwenye daftari. Gwakisa kakasirika kuitwa mzito, halafu akaagiza chapati ya nne. Mwalimu Tusa, kocha wetu, kasoma karatasi yangu kimya kama anasahihisha mtihani. Akauliza kama nina uhakika. Nikasema namba hazina undugu.

Nilipenda nilivyosema. Mpaka sasa najisikia vizuri.

Uamuzi: Jumamosi ya wiki ijayo dhidi ya Kyela, Ambokile benchi. Naanza mimi. Mimi! Miaka mitatu ya kuingia kama kiraka, na sasa naanza.

Jumapili, 9 Machi

Baada ya ibada Mwalimu Tusa kamwambia. Nilisimama mbali kidogo, najifanya nasoma matangazo ubaoni. Ambokile kaitikia kwa kichwa tu. Halafu akacheka kitu na mtoto wa mtu, akaondoka na mwavuli wake.

Yeye ndiye aliyenifundisha kudundisha mpira kwa mkono wa kushoto. Sijui kwa nini naandika hili.

Jumanne, 11 Machi

Ambokile amekuja kwenye mizani. Kaacha mashine zake, katembea mpaka huku juu, akangoja nimalize foleni ya wachumaji. Kaniletea jezi ndani ya mfuko. Kasema ile Jumamosi ya vijana wa chuo sikuifua vizuri, alipoichukua kesho yake ilikuwa inanuka uvundo. Amefua upya. Amepiga na pasi.

Kasema, "Ndaga, pole na kazi, Andwele. Wakikubana Kyela, usirudi nyuma. Zunguka kushoto."

Basi. Kashuka zake. Nimepima magunia matatu bila kusoma mshale, ikabidi nirudie, wamama wananicheka.

Sijisikii vizuri.

Alhamisi, 13 Machi

Nimefungua daftari nijitulize. Namba ni namba. Nikaona kitu ambacho mwanzo sikukiona.

Mwandiko. Hasi za tisa na kumi na moja, karibu zote, zimo kwenye mwandiko wa mviringo. Si wangu. Ni wa Mama Atu. Nikiingia uwanjani yeye ndiye hunishikia daftari. Kwenye mwandiko wangu uliolala, tisa yule yule hana ubaya. Nikasema hapa pana mkono wa mtu. Mke wangu hajui kuhesabu, au anaipendelea timu pinzani.

Nikaenda jikoni na daftari kama hakimu. Nikamuuliza kwa nini kila akishika kalamu yeye, namba tisa anafungwa tu.

Hakuacha hata kumenya ndizi. Kasema, "Baba Atu, mimi nikishika kalamu, wewe unakuwa wapi?"

Nikaanza kufunua kurasa upya.

"Uliniambia niandike namba," kaongeza, "hukuniambia niandike sura."

Jezi moja, watu wawili. Miaka mitatu naivaa na sikukumbuka. Nimemwondoa Ambokile kwenye timu kwa makosa yangu mimi. Nimepiga hesabu upya. Ambokile na Gwakisa: hasi tano. Mimi na Gwakisa: hasi thelathini na tatu. Ambokile na Lusajo: chanya thelathini na tatu. Mimi na Lusajo, ambaye anambeba kila mtu, hasi mbili. Hata kubebwa sijui.

Mama Atu kacheka mpaka kakaa chini. Nami nikacheka, halafu nikaacha. Kesho kutwa naanza mimi. Hakuna anayejua ila mimi na yeye, na yeye kasema hasemi, daftari ni langu.

Nataka kuanza. Niandike ukweli, si humu ni kwangu? Nataka sana kuanza.

Ijumaa, 14 Machi

Nimesema.

Kibandani, mbele ya wote, Ambokile akiwepo. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri, yakapotea. Nikaweka daftari mezani nikawaonyesha miandiko miwili. Ilichukua muda waelewe. Wa kwanza kuelewa ni Gwakisa, akapiga meza, vikombe vikaruka. Eti siku zote alijua mzito si yeye. Lusajo kaniita Hasi. Naona jina limeshika.

Nikasema na lililobaki, kwa sababu nalo ni kweli. Robo ya nne Ambokile anaanguka hata akiwa na Lusajo, na huo ni mwandiko wangu. Miguu inaisha. Robo tatu za kwanza hakuna wa kumgusa.

Nikafikiri nimeharibu tena. Ambokile kavuta daftari, kasoma kwa kidole mstari kwa mstari, kama anatafuta nati iliyolegea.

"Hata mimi miguu imeniambia," kasema. "Ila haikuniambia kwa adabu hivi."

Mwalimu Tusa kapanga papo hapo: mzee na Lusajo robo tatu, asikae na Gwakisa muda mrefu. Mimi benchi. Jezi nikairudisha kwa mwenyewe, na pasi yake bado.

Nina huzuni na nimeshiba. Walinilipisha chapati zote.

Jumamosi, 15 Machi

Kyela wamepanda huku na masweta, wanatetemeka mchana kweupe. Mmoja kauliza kama jua letu liko likizo. Tumewapa chai. Wakimaliza kucheka tuwafunge.

Ambokile! Robo ya kwanza tu pointi kumi na moja. Waliomkimbilia wawili, Lusajo akabaki huru, kama alivyosema kibandani nami nikambishia. Uwanja mzima umesimama, na benchi lilikuwa kavu. Niliandika mpaka kalamu ikatoboa karatasi.

Robo ya nne Mwalimu kamwacha mzee aendelee, tuko juu kwa sita. Dakika nne zimebaki, mawingu yameshashuka Mlima Rungwe. Mzee kakamata magoti. Hakungoja kocha. Kaja ukingoni, kavua jezi, kanikabidhi. Ya moto, inachuruzika.

"Ingia," kasema. "Na huyo mama aandike jina."

Nikampa Mama Atu daftari. Nimekosa viwili, nimepokonywa mmoja. Mara ya mwisho wakanibana watatu pembeni. Nikazunguka kushoto. Nikarusha, mpira ukaingia. Sijui niliona nini, nakumbuka kelele tu na Gwakisa kunibeba juu kama mkungu.

51 kwa 48.

Jumapili, 16 Machi

Mvua ya taratibu tangu alfajiri. Hatukwenda popote baada ya ibada. Atu kalala, Mama Atu anasuka ukili.

Nimenakili mechi ya jana. Kwenye safu ya tisa kuna majina mawili sasa, moja kwa mwandiko wangu, moja kwa mwandiko wa mviringo. Ambokile: chanya sita. Andwele: hasi tatu. Nimeitazama hiyo hasi kwa muda. Ni yangu, sikuiazima kwa mtu.

Jezi nimeifua mara mbili, kwa sabuni ya unga na ndimu. Kwa mvua hii haikauki nje, nimeitundika juu ya mafiga. Inanuka moshi kidogo. Jioni ikikauka nitaipiga pasi, kisha nimpelekee Ambokile kiwandani kesho asubuhi, kabla hajawasha mitambo.