Visima Saba vya Mama Mdogo

Kamalpur, 4 Oktoba 2005

Mdogo wangu Jibachh,

Hujambo huko Surat? Kifua kimepoa, au bado unakohoa vumbi la nyuzi za kiwandani? Huku tu wazima. Ng'ombe amezaa ndama jike. Mama Mdogo anakusalimu na kukutukana kwa pamoja: anasema tangu uanze kula mikate ya Wagujarati umesahau kuandika, na kwamba hakutulea wewe na mimi kwa shida zile ili uje kuwa bubu.

Nina jambo, ila usishtuke. Lalka, yule mbwa mwekundu wa uchochoroni niliyekuwa nikimtupia wali, ameniuma kwenye shavu la mguu. Kwa siku chache alikuwa amebadilika, hali chochote, anatafuna vijiti, udenda unamchuruzika. Mama Mdogo alikuja mbio na fagio kumfukuza, naye akaumwa mkononi. Vijana walimuua. Mama Mdogo akatupaka pilipili ya kusaga na mafuta ya haradali kwenye vidonda, tukalia hadi tukaanza kucheka.

Asubuhi yake tukaenda kuchungulia visima saba, kama afanyavyo kila aliyeumwa na mbwa ili apone. Kulikuwa na ukungu, Jibachh, sikuwa nikiona hata miguu yangu. Siku hizi kila nyumba ina bomba la mkono, kwa hiyo visima vimeachwa peke yake, vimeota majani ukingoni. Unainama, unadondosha punje ya dengu, na kule chini uso wako unavunjika, kisha unajikusanya tena polepole. Katika kisima cha tatu nilimwona marehemu mama yetu. Najua ulikuwa uso wangu mwenyewe, lakini nilimwona. Mama Mdogo akanivuta ushungi: "Usimwamkie, atakuita." Sikumwamkia. Nililia tu, nikasikia raha ya ajabu.

Shida ni kile cha saba. Kimo ndani ya uwanja wa hekalu, na mimi nilikuwa katika zile siku ambazo mwanamke haingii hekaluni, unanielewa, usiulize. Mama Mdogo akaingia peke yake, akatoka anachekelea. "Mimi nimepona! Wewe bado una deni la kimoja." Na hapa kijijini kingine hakuna. Wewe umetembea, unakijua wapi?

Ni mimi dada yako,
Rampari

---

Surat, 15 Oktoba 2005

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Kifua kimepoa, lakini barua yako imenitoa jasho. Nimeisoma mashine zikinguruma pande zote, nikahisi kama nipo chini ya maji nawasikia mnaniita kutoka juu.

Dada, yule mbwa alikuwa na kichaa. Ugonjwa unapita kwenye mate yake, unaingia kwenye kidonda, halafu unatambaa mwilini taratibu hadi kwenye ubongo. Wakati unatambaa mtu hajisikii kitu, anakula, anacheka. Mwenzetu mmoja hapa kiwandani aliumwa mwaka jana. Msimamizi alimweka kidonda chini ya bomba, akamsugua kwa sabuni kwa muda mrefu hadi tukamwonea huruma, kisha akampeleka hospitali. Leo yupo, tunakula naye. Pilipili haisaidii kitu, inachokoza kidonda tu. Na zile sindano za tumboni mlizotuogopeshea utotoni hazipo tena, siku hizi wanachoma mkononi. Hata kama siku zimepita, nenda, maadamu bado uko mzima.

Umeniuliza kisima. Kipo. Nyuma ya hospitali ya wilaya, chini ya mwarobaini, kuna kisima cha matofali. Mimi mwenyewe nimekiona. Kachungulie humo, na kwa kuwa utakuwa umeshafika, nyoosha mkono wakuchome. Mchukue na Mama Mdogo. Mwambie saba vyake havitoshi.

Mdogo wako anayekuombea,
Jibachh

---

Kamalpur, 27 Oktoba 2005

Jibachh, mwongo mkubwa wewe,

Salamu utazipata nikishatulia. Mimi mzima, mkono tu unauma.

Nimekwenda hospitali na punje yangu ya dengu nimeifunga kwenye pindo la sari. Nimezunguka nyuma, hakuna kisima, hakuna mwarobaini, kuna choo na mbuzi. Nikamuuliza mlinzi. Alicheka hadi akakaa chini. "Kisima? Shemeji, sisi tuna tangi juu ya paa, ukitaka kuchungulia panda ngazi!" Watu wote wakageuka. Nilitamani ardhi ipasuke.

Muuguzi mmoja ndiye aliyenishika mkono. Alikitazama kidonda, akaacha kutabasamu. Amenichoma pale pale penye kidonda, akanichoma na begani, na natakiwa kurudi tena na tena hadi wamalize. Kabla hajavuta dawa nilimwomba kile kichupa nikichungulie. Kulikuwa na maji machache humo ndani, na dirisha dogo likielea juu yake. Akaniuliza, "Unatafuta nini, dada?" Nikamwambia namalizia hesabu.

Mama Mdogo amekataa katakata. Nilimsomea barua yako mara mbili. Yupo juu ya paa anafukuza kunguru kwenye ngano aliyoianika kwa ajili ya Chhath, sikukuu ya Mungu Jua, hataki hata kushuka. "Mimi nimemaliza saba vyangu. Aliyebakiza ndiye aende. Na nikienda mjini, ngano ya Mungu Jua ataiosha nani, Jibachh?" Mkono wake umepona vizuri, kovu halionekani. Kwa hiyo na mimi nimenyamaza.

Dada yako uliyemtia aibu,
Rampari

---

Surat, 5 Novemba 2005

Dada,

Natumaini u mzima. Nisamehe uongo wangu, na kuhusu mlinzi nimecheka peke yangu kitandani. Usikose hata sindano moja.

Lakini usingizi umenitoka kwa ajili ya Mama Mdogo. Kovu kupona hakumaanishi kitu. Akianza kuogopa maji, hakuna daktari duniani atakayemrudisha. Ukiisoma hii, acha chai yako hapo hapo, msomee maneno haya: "Mama Mdogo, ni mimi Jibachh wako. Nakuambia kweli tupu. Visima haviponyi. Utakufa. Nakushika miguu, nenda." Akikataa, mwite Baba Mdogo na majirani, mumbebe juu ya kitanda.

Nimeomba ruhusa nije. Wamesema hadi sikukuu zipite.

Mdogo wako,
Jibachh

---

Kamalpur, 20 Novemba 2005

Mdogo wangu,

Mimi mzima. Sindano nimemaliza.

Simu ya Baba Mdogo kutoka dukani ilikufikia, kwa hiyo unajua. Lakini hukuambiwa ilivyokuwa, na ni haki yako kuambiwa.

Alifunga Chhath kama kila mwaka. Hali, hanywi hata tone, ndivyo inavyotakiwa. Nani angejua, Jibachh? Alipokuwa akiutazama mtungi na kugeuza uso, tulisema, tazameni imani yake. Tulimsifu. Mkono ulimwasha, alikuwa akiukuna usiku na mchana, nikafikiri ni baridi.

Jioni tukaenda bwawani. Taa zilikuwa zimewekwa ukingoni kote, wanawake wamesimama majini hadi kiunoni na vikapu vya matunda, jua linazama, na wimbo ule wa kumwomba Mungu Jua asichelewe kesho. Kila kitu kilikuwa cha dhahabu. Mama Mdogo alifika ukingoni na sari yake ya njano, akasimama. Nikamshika kiwiko, "Ingia, Mama." Akasema kwa sauti ndogo sana, "Maji yananitazama." Kikapu kikamdondoka.

Alfajiri, ibada ilipokwisha, nilimpa maji ya kufungulia saumu. Koo likamfunga akiwa bado hajayagusa. Hospitalini walimlaza kwenye chumba chenye giza, wakamtuliza kwa dawa, wakatuambia hakuna zaidi. Alinijua hadi karibu na mwisho. Aliniuliza kama ngano ilikauka.

Barua yako ya tano Novemba ilifika tulipokuwa tumeshauchoma mwili wake. Nimemsomea hata hivyo, nimekaa juu ya paa.

Daktari wa mifugo amekuja, amewachanja mbwa wote wa kijiji. Mimi ndiye niliyewashika masikio. Atarudi mwakani, na mwaka wa baada yake.

Sina hasira nawe, lakini kuna neno linaniamsha na lazima nikuulize. Mimi ulinidanganya nikapona. Mama Mdogo ulimwambia kweli. Kwa nini hukumdanganya na yeye? Ungeandika kwamba kisima cha hekaluni kimezibwa chini, hakihesabiki. Angeshuka paani mwenyewe, Jibachh. Angenitangulia njiani.

Dada yako,
Rampari