Taa Mpya ya Baba Justine

Baba Justine,

Viazi viko kwenye sufuria, maharage upashe mwenyewe. Kuku uwafungie mapema. ~~Nitarudi jioni.~~ Nitarudi nikipenda.

Uliniambia umefunga taa ya LED kwenye pikipiki kwa sababu ya ukungu, ukienda kikao cha usharika Igwachanya. Leo asubuhi Mama Consolata kaja kuchukua maziwa, anacheka: "Shemeji anatumulika kweli! Akifika tu kwa Elina mshona nguo, Kitandililo nzima tunajua ni yeye."

Igwachanya imehamia lini Kitandililo? Na hiyo nguo unayoshonesha haiishi?

Nimekwenda kumuuliza Elina mwenyewe.

Balbu yako ya zamani, ile iliyofifia, nimekuwekea hapa mezani. Ukitaka kuendelea kunidanganya, irudishe kwanza kwenye pikipiki.

Mama Justine