Taa ya Bafuni na Baba Mkwe

Safina shoga, nimekwama bafuni. Mlango hauna hata kufuli, ila baba mkwe amekaa koridoni.

Sikia. Taa ya huku ilikuwa inatoa cheche, si unajua nyumba yenyewe ya zamani, mvua ikinyesha holda ya balbu inaingia maji. Mume wangu Anyosisye kaenda Kyimo, nikasema nabadilisha mwenyewe. Nikazima meni swichi, nikapima na testa, nikapanda stuli.

Waya ziko mkononi, mzee huyo karudi! Anawasha redio, kimya. Nasikia fimbo, ko, ko, anaifuata meni swichi.

Na mimi ni mkwe wa Kinyakyusa, mila hairuhusu nionane wala kusemezana na baba mkwe. Miaka sita nikimsikia anakuja najificha. Hata shikamoo sijawahi kumpa.

Nikapiga kelele: "BABA USIWASHE!"

Mimi. Kwa mdomo wangu huu.

Fimbo ikasimama. Halafu akaanza kuongea na ukuta, naapa, na ukuta! "Wewe ukuta, mwambie aliye bafuni afanye kazi taratibu. Swichi nailinda mimi." Akavuta kiti, akakaa.

Saa nzima sasa. Taa nimeshafunga zamani. Anyosisye hapatikani. Mzee anasubiri aambiwe kazi imeisha, nani amwambie?

Nimeiambia ndoo. Kwa sauti. "Ndoo, mwambie ukuta nimemaliza."

TAA IMEWAKA SAFINA

Lakini kiti hakijasogea. Anauambia ukuta kwamba soketi ya chumbani kwake nayo inatoa cheche.